RCBO ya 30 mA kwa gereji ya nyumbani: tathmini ya kifaa, na pa kutafuta inapojikata ovyo

Anayefunga umeme kwenye gereji ana njia mbili za kuweka swichi ya usalama, yaani ile inayokata umeme unapovuja. Ya kwanza ni RCCB moja, yaani swichi ya usalama isiyo na breka ndani yake, inayobeba saketi zote, kila saketi ikiwa na breka yake ya kawaida. Ya pili ni RCBO kwa kila saketi, yaani breka na swichi ya usalama ndani ya kifaa kimoja, mara nyingi chenye upana wa moduli moja ya milimita 18. Tathmini hii inahusu hiyo ya pili: RCBO ya 30 mA, aina A, inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja.

Kwa gereji, hii ndiyo ya kununua. Haimlindi mtu kuliko RCCB nzuri, kwa sababu miliampea 30 ni zile zile. Faida yake huonekana siku inapojikata. RCCB ikishuka inakuachia nyumba nzima uipekue. RCBO ikishuka unajua ni saketi ipi, na nusu ya kazi ya kutafuta imekwisha kabla hujashika bisibisi.

Ndani yake, laivu na nyutro hupita pamoja katikati ya pete ya chuma yenye koili. Umeme uliotoka kwa laivu ukirudi wote kwa nyutro, koili haioni kitu. Sehemu yake ikipotelea kwenye ethi (waya wa ardhini), kwenye ukuta wenye unyevu au kwenye mwili wa mtu, tofauti hiyo hufyatua swichi. Viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, vinataka kifaa cha 30 mA kikate ndani ya milisekunde 300 tofauti inapofika 30 mA, na ndani ya milisekunde 40 inapofika 150 mA. Pia hakitakiwi kukata kwa 15 mA au pungufu. Katikati ya 15 na 30 kina ruhusa ya kukata popote, kwa hiyo RCBO inayoshuka kwa 22 mA ni nzima kabisa. Watu wengi hulaumu kifaa kwa jambo hili moja tu: wanadhani 30 ndiyo mwanzo, kumbe 30 ndiyo mwisho.

Dukani, soma alama zilizo usoni mwa kifaa kabla ya kulipia. Aina AC huona uvujaji wa umeme wa AC wa kawaida tu. Gereji ya leo ina taa za LED, chaja za betri, mashine za kuchomelea za inveta na vifaa vya kubadili mwendo, na vyote hivi vinaweza kuvujisha umeme wenye sura ya DC, yaani unaokwenda upande mmoja. DC ya kutosha hulemaza ile pete ya chuma, na swichi ya aina AC inaweza isikate kabisa siku inapohitajika. Aina A ndiyo ya kuanzia. Mahali pa kuchajia gari la umeme panahitaji zaidi: ama aina B, ama aina A pamoja na chaja yenye kigunduzi chake cha 6 mA za DC. Usikubali maneno ya muuzaji hapa. Tafuta alama kwenye kifaa chenyewe na kwenye karatasi ya chaja.

Herufi iliyo mbele ya ampea nayo ina maana kubwa. B16 hukata papo hapo umeme unapofika kati ya mara 3 na mara 5 ya ampea zake, yaani 48 hadi 80 A. C16 hungoja 80 hadi 160 A. Kompresa ya kilowati 1.5 hutumia takriban 7 au 8 A ikiwa imeshika mwendo, lakini mota inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta mara 6 au zaidi ya hapo kwa muda mfupi. B16 hushuka, na mwenye gereji huanza kutafuta uvujaji ambao haupo. Kwa kompresa, msumeno wa mezani au mashine ya kuchomelea, chukua C, ila fundi apime kwanza ukinzani wa mzunguko mzima wa waya. C inahitaji umeme mwingi zaidi wa shoti ili ikate haraka, na kebo ndefu na nyembamba huenda isiupitishe. Baadhi ya RCBO zina kidirisha chenye rangi kinachoonyesha kama zimekata kwa uvujaji au kwa kuzidiwa mzigo. Ukipata yenye kidirisha hicho, ichukue. Inaokoa saa nzima za kazi.

Sifa ya tatu ni kukata nyutro. RCBO nyingi za moduli moja hukata laivu peke yake na kuiacha nyutro imeunganishwa. Zinalinda, lakini hitilafu ya nyutro na ethi hubaki hai hata swichi ikiwa chini, na kama kuna swichi nyingine ya usalama juu yake, hiyo nayo itasumbuka. Inayokata zote mbili hukutenga kabisa na saketi mbovu.

Kasoro za kifaa hiki zipo. Bodi hujaa waya, maana RCBO za moduli moja nyingi ni ndefu kwa kimo na kila moja huja na mkia wake wa nyutro, yaani waya unaoiunganisha na baa ya nyutro ya bodi. Nyingi za kielektroniki zina pia waya wa tatu mwembamba unaotakiwa kwenda kwenye ethi ili kifaa kiendelee kufanya kazi nyutro ya nje ikikatika, na mafundi wenye haraka huuacha unaning'inia. Halafu hazichanganyiki vizuri: RCBO ya kampuni moja ikipachikwa kwenye bodi ya kampuni nyingine, baa ya shaba inayolisha breka huenda isikae sawasawa kwenye terminali, na kiungo hicho hupata joto hadi plastiki igeuke kahawia. Nunua kutoka kwa mtengenezaji wa bodi yako.

Tahadhari kabla ya kuingia kwenye utafutaji. Kuchomoa plagi na kurudisha swichi ni kazi ya mwenye nyumba yeyote. Kufungua bodi na soketi ni ya fundi mwenye sifa, swichi kuu ikiwa imezimwa na kufungiwa, na waya zikiwa zimepimwa kuthibitisha kwamba hazina umeme. Kipimo chenyewe kijaribiwe kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme kabla na baada.

Kosa la ufungaji linaloongoza ni nyutro ya saketi kupelekwa kwenye baa ya nyutro badala ya terminali ya nyutro ya RCBO. Dalili yake haifichiki: swichi inapanda vizuri, inakaa, kisha inashuka mara tu taa au kifaa chochote kinapowashwa. Umeme umetoka kupitia RCBO lakini umerudi kwa njia nyingine, hivyo mzigo wote unaonekana kama uvujaji. Balbu ya wati 10 kwenye 230 V huvuta karibu 43 mA, na hiyo pekee inatosha kuishusha. Rekebisha hivi: laivu na nyutro za saketi ziingie zote kwenye RCBO, na mkia wa nyutro wa RCBO ndio uende kwenye baa.

Ndugu yake ni nyutro ya kuazima. Hutokea sana kwenye taa ya gereji inayowashwa kwa swichi mbili, moja ndani ya nyumba na nyingine gerejini. Mtu huchukua laivu kutoka saketi ya taa za nyumba na nyutro kutoka saketi ya gereji kwa sababu ilikuwa karibu. Kwa breka za zamani mpango huo ulifanya kazi miaka na miaka bila dalili. Ukiweka RCBO, moja au zote mbili hushuka taa inapowashwa. Ili kuthibitisha, zima swichi kuu, kisha fuatilia laivu na nyutro za taa hiyo hadi kwenye bodi. Zikiwa zinatoka saketi mbili tofauti, umempata mhusika. Hakuna RCBO itakayokubali mpango huo, hata ya bei ya juu kiasi gani. Lazima waya mpya upitishwe.

Sasa utafutaji wenyewe. Kwanza uliza inashuka lini. Ikishuka papo hapo bila kitu kuchomekwa, fikiria waya wa kudumu. Ikishuka mvua inaponyesha, fikiria soketi na taa za nje, na sanduku la kiungo lililo chini ya ardhi. Ikishuka mara chache kwa siku bila mtu gerejini, fikiria friza: elementi yake ya kuyeyusha barafu huwaka kwa ratiba, na ikiwa imeanza kuvuja, swichi hushuka kwa ratiba hiyo hiyo.

Kisha chomoa kila kitu. Sio kuzima kwenye soketi, kuchomoa. Swichi za soketi nyingi hukata laivu tu, na kifaa chenye nyutro iliyogusa ganda lake la chuma kitaendelea kuishusha RCBO hata kikiwa kimezimwa. Ukishachomoa, sukuma kikono cha RCBO chini kabisa kabla ya kukipandisha. Kwa nyingi, kikono hubaki katikati baada ya kukata, na hakishiki mpaka kishushwe kwanza. Zimeshatupwa RCBO nzima kwa sababu ya hili.

Ikikaa, tatizo ni kifaa au jumla ya vifaa. Chomeka kimoja kimoja. Washukiwa wa kwanza ni vyote vyenye elementi ya joto: unga wa magnesiamu oksaidi uliojazwa ndani ya elementi hunyonya unyevu kifaa kikikaa muda mrefu bila kutumika, na mara nyingine hukauka na kupona baada ya kupashwa joto. Wanaofuata ni grenda na keekee zilizojaa vumbi la chuma, na waya za kuongezea zilizochubuka pale zinapoingia kwenye plagi.

Lakini ikiwa hakuna kifaa kinachoishusha peke yake, na vikiwa pamoja inashuka, usitafute kifaa kibovu. Chaja, kompyuta, taa za LED na mashine za inveta zina kapasita za kuchuja kelele zilizofungwa kati ya waya za umeme na ethi, na kila moja huvujisha kidogo kwa muundo wake. Kifaa cha kuchomeka chenye ethi kinaweza kuvujisha hadi 3.5 mA na bado kiwe halali kwa viwango vingi. Vitano vya namna hiyo ni 17.5 mA, tayari ndani ya eneo ambalo RCBO inaruhusiwa kukata. Kipimo kizuri cha kazi ni kwamba uvujaji wa kawaida wa saketi usizidi asilimia 30 ya 30 mA, yaani 9 mA. Upime kwa klampu ya uvujaji, ukibana laivu na nyutro kwa pamoja, ethi ikiwa nje ya taya. Klampu ya kawaida ya ampea haifai hapa. Unahitaji inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miliampea. Jumla ikizidi, gawanya saketi. Hapa ndipo RCBO zinaizidi RCCB moja kwa mbali, kwa kuwa kila saketi ina nafasi yake ya uvujaji badala ya zote kugombania 30 mA moja.

Ikikataa kukaa hata baada ya kuchomoa vyote, zima swichi kuu, toa laivu na nyutro ya saketi kwenye RCBO, kisha washa na upandishe RCBO ikiwa tupu. Ikishuka tupu, ni mbovu au imefungwa vibaya upande wa kulishia. Ikikaa, waya ndio wenye tatizo.

Waya hupimwa kwa mega (kipimo cha ukinzani wa ganda la waya), kwa 500 V za DC. Maltimita haitoshi, nasi tunalisisitiza hili kwa sababu ndiyo njia ya mkato inayowapoteza wengi. Betri yake husukuma volti chache tu, na njia ya uvujaji iliyojengwa na unyevu au masizi mara nyingi haifunguki mpaka ipate volti za kweli. Ondoa taa za LED, swichi za kielektroniki na kinga za radi, maana 500 V zinaweza kuziua au kukupa usomaji wa uongo. Hata RCBO yenyewe isiwemo kwenye kipimo. Pima laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi, kisha laivu kwa nyutro. Chini ya megaomu 1 haikubaliki, na kebo mpya iliyo kavu husoma mamia. Kwa kulinganisha, kuvujisha 30 mA kwa 230 V kunahitaji njia ya kiloomu 7.7 hivi, kwa hiyo ukisoma kiloomu chache umeshaikuta hitilafu yenyewe na si dalili tu. Usifungue soketi moja baada ya nyingine kutoka mwanzo. Fungua ya katikati, tenganisha, pima pande zote mbili, kisha ugawanye tena upande mbovu. Soketi sita zilizofuatana huisha kwa migawanyo miwili au mitatu.

Hitilafu inayowatesa hata mafundi wazoefu ni nyutro kugusa ethi. Laivu ikigusa ethi swichi hushuka papo hapo na kila mtu anaelewa. Nyutro ikigusa ethi, inaweza kukaa saa nzima, kisha ishuke mtu anapowasha birika jikoni, kwenye saketi nyingine kabisa. Sababu ni kwamba nyutro haikai kwenye volti sifuri. Mzigo mkubwa ukiwaka popote ndani ya nyumba, nyutro hupanda kwa volti moja au mbili kutokana na ukinzani wa waya zake, na umeme huo hutafuta kila njia ya kurudi. Sehemu yake huingia kwenye baa ya nyutro, hupita kinyumenyume kwenye RCBO ya gereji, hufika pale nyutro ilipogusa ethi na kuondokea hapo. RCBO huona nyutro ina umeme na laivu haina, nayo hukata. Watu hubadilisha birika. Birika halina kosa.

Kwenye mpango wa RCCB moja dalili ni mbaya zaidi: unaweza kuzima breka zote za laivu na RCCB bado ikashuka, kwa kuwa breka hizo hazigusi nyutro. Ukikuta RCCB inayoshuka huku breka zote zikiwa chini, anza na nyutro, usipoteze muda na laivu.

Mahali pa kuitafuta gerejini panajulikana. Waya wa ethi ulio uchi uliokunjwa nyuma ya soketi na kubanwa kwenye skrubu ya nyutro ndio wa kwanza. Uvishe mrija wa kijani na njano urefu wake wote. Sanduku la chuma lisilo na raba kwenye tundu hukata ganda la kebo taratibu kwa mtikisiko. Sanduku la kina cha milimita 25 lenye kebo tatu za 2.5 mm² huminya waya unapofunga uso wa soketi. Tumia la 35 au zaidi. Skrubu ya rafu au ya reli ya mlango iliyopita ndani ya ukuta huweza kugusa kebo bila kuikata. Angalia pia mota ya mlango na taa ya nje yenye kihisi, ambako maji huingia kupitia juu ya kebo yakifuata mteremko wake.

Vipima soketi vya taa tatu vinavyochomekwa visikudanganye. Vinaonyesha laivu iliyogeuzwa, lakini havitambui nyutro na ethi zilizobadilishana nafasi. Soketi ya hivyo huonekana salama kwenye kipima, kisha hushusha RCBO kwa kila kinachochomekwa na kuwashwa.

Gereji iliyojitenga na nyumba ina mtego wake. Ikiwa kebo yake inatoka nyuma ya swichi ya 30 mA ya nyumba, na gerejini kuna RCBO za 30 mA, hakuna anayejua ipi itatangulia kushuka. Mara nyingi hushuka zote. Lisha gereji kutoka breka isiyo na swichi ya usalama ikiwa kanuni za eneo lako na aina ya kebo vinaruhusu. Inapolazimu kuwa nayo, kama pale ethi inapotegemea fimbo ya ardhini, weka ya 100 mA au 300 mA yenye alama S, ambayo huchelewa makusudi ili ya chini itangulie. Nyutro na ethi zisiunganishwe kwenye bodi ya gereji isipokuwa kanuni za eneo lako zimesema hivyo waziwazi. Zikiunganishwa chini ya swichi ya usalama, ya juu haitakaa.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni huu: taa kwenye RCBO ya 6 au 10 A na waya wa 1.5 mm², soketi za benchi kwenye 16 au 20 A na waya wa 2.5 mm², kompresa kwenye C16 yake, friza na mota ya mlango kila moja peke yake nafasi ikiwepo. Taa zisichanganywe na soketi kamwe. Grenda ikishusha swichi, aliyeishika asiachwe gizani na diski ambayo bado inazunguka.

Wenye paneli za jua au betri gerejini waangalie jambo moja zaidi. RCBO nyingi za kielektroniki hukubali umeme uingie kutoka upande mmoja tu, na huwa na maandishi au mishale inayoonyesha upande wa kulishia na upande wa mzigo. Inveta ikirudisha umeme kutoka upande wa mzigo, sehemu za ndani zinaweza kubaki na umeme baada ya swichi kushuka na kuungua, nawe usijue mpaka siku kitufe cha majaribio kitakapokataa. Kwa saketi hiyo nunua inayokubali pande zote mbili.

Kitufe cha majaribio kibonyezwe kwa vipindi vilivyoandikwa na mtengenezaji. Huthibitisha kwamba mtambo wa kufyatua unasogea. Hakisemi lolote kuhusu ethi yako. Kabla ya kuitupa RCBO, fundi aipime kwa kipimo kinachopandisha uvujaji polepole, mzigo wote ukiwa umetolewa. Ikikata kwa 15 mA au chini, ibadilishe. Ikikata kati ya 15 na 30, irudishe kazini na uendelee kutafuta kwenye waya. Isipokata kwa 30, itolewe siku hiyo hiyo, na saketi ibaki imezimwa hadi mpya ifungwe.